Nukta Tatu za Kinyozi

Ofisini walimwita mdogo wangu Kinyozi, ingawa maisha yake yote hakunyoa kichwa cha mtu. Kazi yake ilikuwa maneno. Watu waliandika matangazo kwenye simu zao, wakayatuma kwenye tovuti ya ofisi hiyo, na kabla tangazo halijaonekana kwa wasomaji lilipita kwanza kwenye programu aliyoiandika yeye. Programu ile ililiosha tangazo. Iliondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni, ikazikusanya nafasi tatu kuwa moja, ikafuta mistari mitupu na zile alama za ajabu zinazoingia mtu anaponakili maneno kutoka mahali pengine. Kisha ikakata. Kwenye ukurasa wa mbele kila tangazo lilipewa herufi tisini na tano tu, kwa sababu hizo ndizo zilizokaa vizuri kwenye simu ndogo. Kilichozidi kilifichwa nyuma ya nukta tatu, na aliyetaka kusoma chote alizibonyeza.

Yalikuwa matangazo ya kila aina: vyumba vya kupanga, funguo zilizookotwa, vitu vya kuuza, harusi, misiba. Misiba ndiyo iliyosomwa zaidi.

Nilimzidi miaka tisa. Baba alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na mama alikuwa akifua mashuka ya hospitali kuanzia alfajiri, kwa hiyo mtoto nilimlea mimi. Alipofika miaka saba akapata homa kali ya viungo. Homa ikapona, moyo haukupona. Daktari alisema asikimbie, asipande ngazi kwa haraka, asibebe ndoo. Wenzake walipokuwa wakicheza mpira barabarani yeye alikaa chini ya meza yangu ya cherehani akiokota vipande vya kitambaa na kuuliza maswali. Alikuwa na maswali yule mtoto. Kwa nini unaloweka kitambaa kabla ya kukikata? Kwa sababu kinarudi, kinapungua kikilowa, nikamwambia, ukikata kabla hakijarudi nguo itambana mwenyewe. Kwa nini hukati hapo chini, unakunja? Kwa sababu mtoto anakua. Pindo likikunjwa, mwakani mama yake atalifumua na nguo itashuka. Likikatwa, limekwenda.

Nilidhani namjibu ili anyamaze. Miaka kumi na tano baadaye, alipoanza kazi ile, alikuja dukani kwangu na kompyuta yake iliyofungwa kwa utepe pembeni, akaiweka juu ya meza ya kukatia.

"Dada, njoo uone ulichonifundisha."

Nikamwambia mimi nilimfundisha kuvaa viatu tu, na hata hivyo alikuwa anavibadilisha kulia na kushoto.

"Kwanza naosha, ndipo nakata," akasema. "Wengine wanakata kwanza. Wanahesabu hata nafasi tupu, maneno yanakuja mafupi bila sababu. Na sikati katikati ya neno. Na angalia hapa." Akanionyesha mahali ambapo tangazo zima lilikuwa limehifadhiwa. "Kitu kizima kipo. Mimi nakunja pindo tu. Kitambaa kipo ndani."

"Sasa hizi nukta tatu?"

"Hizo zinakuambia kuna mtu hajamaliza kusema."

Maneno hayo aliyasema akiwa anakula karanga zangu, bila uzito wowote. Ninayaandika hapa kama alivyoyasema.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, chenye meza mbili, feni, na dirisha lisilofunga sawasawa. Walikuwa wawili. Mwenzake ni dada mmoja mchangamfu aliyechora kurasa na picha, na kwa kuwa alikaa juu ya duka la rangi na kazi yake ni rangi, jina lake likawa Rangi. Yeye ndiye aliyempa mdogo wangu jina la Kinyozi. Kila asubuhi alimchemshia chai, na kila asubuhi chai ikapoa, kwa sababu Kinyozi hakuwa mnywaji wa chai. Alikunywa maji ya moto matupu. Rangi alisema mtu anayekunywa maji ya moto matupu ni mtu wa kuogopwa, lakini hakuacha kumchemshia.

Walikuwa na daftari la aibu, kama walivyoliita. Humo waliandika mikato iliyoharibika. Kuna bwana mmoja alituma tangazo, nalo likatoka kwenye ukurasa wa mbele hivi: "Nauza kitanda cha futi sita, kabati la nguo la milango mitatu, meza ya chakula na mke wangu…" Mbele ya hapo aliandika kwamba mke wake anauza cherehani, lakini hayo yalikuwa ndani ya pindo. Simu zililia siku nzima. Mpigaji mmoja aliuliza kwa adabu kabisa kama kabati linaweza kuuzwa peke yake. Kinyozi alinisimulia habari hiyo akicheka huku ameshika kifua, nami nikamwambia acha kucheka, utajiumiza. Nilikuwa na tabia hiyo ya kumkataza. Hata kucheka nilimkatazia.

Tangazo lililoharibika baada ya hilo hawakuliandika kwenye daftari.

Familia moja ilipata msiba wa mama yao. Mazishi yalipangwa Alhamisi. Kisha chumba cha baridi cha kuhifadhia maiti kikaharibika, wakaambiwa wasichelewe, nao wakabadilisha siku. Mmoja wa watoto wa marehemu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Habari ya kifo ilimfikia, na ya Alhamisi pia, lakini mabadiliko yalipotokea alikuwa sehemu isiyo na mtandao. Ndugu zake walipiga simu mara nyingi. Walipochoka wakatuma tangazo, wakijua kila mtu husoma tovuti ile. Waliandika: "Mazishi ya mama yetu mpendwa yaliyopangwa kufanyika Alhamisi saa nane mchana nyumbani kwake, sasa yatafanyika Jumatano saa nne asubuhi." Wakaendelea na sababu na shukrani.

Programu ikaosha. Ikahesabu herufi tisini na tano, ikarudi hadi mwisho wa neno, ikaifagia alama ya mkato iliyokuwa ikining'inia, ikaweka nukta zake tatu. Kwenye ukurasa wa mbele likatoka: "Mazishi ya mama yetu mpendwa yaliyopangwa kufanyika Alhamisi saa nane mchana nyumbani kwake…"

Dereva alipata mtandao kwenye kituo cha mafuta. Betri ilikuwa inakwisha. Alifungua, akaona mstari ule mmoja, akaona Alhamisi yake iko palepale, akazima simu ili abaki na chaji. Akaendesha.

Yaliyotokea ofisini siku ya Alhamisi nilisimuliwa na Rangi. Mtu mrefu aliingia, viatu vina udongo mwekundu, akasimama katikati ya chumba.

"Nani hapa anayekata maneno?"

"Karibu, kaka," Rangi akasema. "Unataka kutangaza?"

"Sitangazi. Nauliza anayekata maneno."

Mdogo wangu akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Yule mtu akampa simu.

"Soma."

Akasoma.

"Mazishi ni lini?"

"Alhamisi saa nane."

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tano."

"Basi nimewahi. Nimeendesha siku mbili. Niambie nimewahi."

Kinyozi akabonyeza nukta tatu. Akasoma chote. Rangi anasema alimwona akibadilika rangi ya midomo, akamwambia kwa sauti ndogo, "Kinyozi, kaa chini, usiseme kitu."

"Kinyozi?" yule dereva akasema. "Ungekuwa kinyozi kweli ningesema umenikata sikio. Wewe umenikata mama." Na mengine akayasema, ambayo Rangi hakutaka kunirudia. Mdogo wangu alimsikiliza amesimama mpaka mwisho. Dereva akachukua simu yake akaondoka. Alikuwa ametoka kaburini muda huohuo. Udongo wa juu wa kaburi ulikuwa umeshakauka.

Jioni hiyo kabla ya giza mdogo wangu alikuja dukani kwangu. Akakaa chini ya meza ya cherehani, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, magoti yamefika kidevuni. Nilimtoa maneno kwa shida. Nilipoelewa nikajaribu kumtetea mbele yake mwenyewe.

"Ndugu zake si walikuwa na namba yake?"

"Walipiga."

"Na nukta tatu zilikuwepo. Angebonyeza."

"Dada, ukimshonea mtu suruali ikafumuka katikati ya watu, utamwambia angetembea polepole?"

Nikamwambia tusali, tukasali. Yeye hakuomba asamehewe na Mungu. Hilo alisema ameshaliomba akiwa ngazini ofisini. Aliomba yule mtu amsamehe.

Wiki hiyo alivunja programu yake na kuijenga upya. Tangazo lolote lenye siku na saa lilisimama, lisitoke mpaka yeye au Rangi alisome lote kwa macho yao. Penye mabadiliko, siku mpya ilitangulia mbele. Misiba haikukatwa tena kabisa, hata kama ilijaza ukurasa. Rangi alilalamika kwamba ukurasa umekuwa mbaya kama shuka lenye viraka. Kinyozi akamwambia, "Acha uwe mbaya."

Kisha akaenda nyumbani kwa ile familia, bila kutumwa na mtu. Walikaa juu ya kilima, naye alikipanda kwa miguu, akipumzika kila baada ya nguzo mbili za umeme. Dereva alikuwepo. Hakumkaribisha ndani. Mdogo wangu akasimama mlangoni akasema, "Kosa ni langu," akampa karatasi yenye namba ya ofisi, ile ya kupokea ujumbe. Dereva akaichukua, akafunga mlango.

Basi akaanza kungoja. Ujumbe wote uliotumwa kwa namba ile uliingia kwenye sanduku la ujumbe la tovuti, na muhtasari wake ulikuja kwenye simu yake mwenyewe ili ajue mapema. Kila simu ilipotetemeka aliitazama. Miezi ikapita, mitatu, minne. Rangi alimwambia, "Huyo mtu ameshakusahau." Akajibu kwamba angesahauliwa angejua.

Mwezi wa saba wa kungoja, moyo wake ulichoka. Alivimba miguu, akashindwa kulala chali, tukampeleka hospitali. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, katika wodi ya watu kumi. Daktari, mwanamama mpole mwenye miwani, alinivuta pembeni kwenye korido.

"Dada, nitakuambia ukweli. Moyo wake ni kama kamba iliyolika. Tunajaribu dawa. Nyinyi kazi yenu ni moja, asishtuke. Habari mbaya zibaki nje ya mlango."

Nikalishika neno hilo kama amri. Simu yake nikaichukua mimi, nikaiweka mfukoni mwa sweta langu. Yeye hakupinga, ila aliniomba jambo moja.

"Dereva akiandika, unisomee."

"Nitakusomea."

"Hata kama ni matusi."

Nikamwambia alale.

Zilikuwa siku nzuri kiasi chake. Kitanda cha pili alilala mzee mmoja aliyevunjika mguu, mcheshi, asiyeweza kukaa kimya. Alimuuliza mdogo wangu kazi yake, naye akamweleza taratibu, akipumzika kati ya sentensi.

"Kwa hiyo unalipwa kwa kufupisha?" mzee akauliza.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Ukitoka hapa pitia nyumbani umpunguze mke wangu. Herufi tisini na tano kwa siku zinamtosha."

Mke wa mzee alikuwa amekaa palepale anamenya chungwa. "Na yeye umpunguze umri," akasema, "anamdanganya muuguzi."

Mdogo wangu akacheka mpaka akakohoa. Safari hii sikumkataza.

Kila asubuhi kabla ya kwenda hospitali nilipiga magoti kando ya kitanda changu. Niliomba mambo mawili. Kwamba apone, na kwamba moyo wa yule dereva ulainike. La pili niliomba kwa nguvu zaidi, kwa sababu nilimwona mdogo wangu akilihitaji zaidi.

Jumanne, kama saa nne asubuhi, simu ikatetemeka mfukoni. Mdogo wangu alikuwa amesinzia. Nikaitoa nikatazama. Kwenye kioo paliandikwa:

"Mimi ndiye dereva ambaye hakumzika mama yake. Miezi saba nimekuwa na hasira na wewe kila siku…"

Nikausoma mara mbili. Nikamtazama mdogo wangu, mshipa wa shingo unapiga kwa kasi kama wa kuku, nikamkumbuka daktari na kamba yake iliyolika. Nikazima simu. Nilifanya hivyo kwa upendo, Mungu ananijua. Nikajiambia, huyu mtu miezi saba hajatosheka, anataka kumfuata mpaka kitandani.

Alipoamka akaniuliza kama alivyoniuliza kila siku.

"Dereva hajaandika?"

"Bado."

Alitazama dirishani. "Yuko safarini," akasema. "Huko njiani mtandao shida."

Jumatano akauliza tena. Nikamjibu neno lilelile. Safari hiyo lilitoka kwa urahisi zaidi, na hilo nalo linanisumbua. Jioni mama alikuja kukaa naye, akampaka mafuta miguuni, akamwambia habari za majirani. Alikunywa maji ya moto nusu kikombe.

Alhamisi saa tisa mchana alinishika mkono akaniambia, "Dada, kama ataandika, mjibu. Usimwache anasubiri, kungoja kubaya." Nikamwambia utamjibu mwenyewe. Robo saa baadaye muuguzi alikuja akavuta pazia, na mzee wa kitanda cha pili akavua kofia yake akaiweka kifuani.

Tulimzika Jumamosi. Rangi aliandika tangazo. Alinipigia simu analia, akaniuliza aanze na nini, nikamwambia anza na siku na saa. Hakulikata. Lilitoka lote.

Jumatatu iliyofuata Rangi alikuja nyumbani kuomba simu ya mdogo wangu, maana ujumbe wa watu ulikuwa umejaa na yeye peke yake hakujua uliosomwa na usiosomwa. Tulikaa sebuleni, mama kwenye kiti chake, mimi na Rangi kwenye mkeka na simu katikati yetu. Akawa anapitisha kidole. Akasimama.

"Dada. Huyu dereva aliandika Jumanne."

"Najua," nikasema. "Niliuona. Ulikuwa wa matusi, sikumwonyesha."

"Uliufungua?"

Nikamwambia niliusoma kwenye kioo. Rangi akanitazama, na uso wake nikauona ukielewa jambo kabla yangu.

"Huu wa kioo unakatwa," akasema polepole. "Ni programu ileile ya zamani. Alirekebisha ya wasomaji yote. Hii inayokuja kwenye simu yake mwenyewe hakuigusa." Kisha akasema kama anajisemea, "Kinyozi hajinyoi."

Akabonyeza. Akaanza kusoma, akashindwa, akanipa nisome mimi. Ujumbe ulikuwa hivi:

"Mimi ndiye dereva ambaye hakumzika mama yake. Miezi saba nimekuwa na hasira na wewe kila siku, lakini jana nimepita kaburini kwake nikakaa kitako, na kitu kimoja hakikutoka kichwani. Wewe ulipanda kilima ukasimama mlangoni kwangu ukasema kosa ni langu. Katika mambo yote yaliyoharibika wiki ile, ni wewe tu uliyesema hivyo. Nami nilikufungia mlango. Nimekusamehe, kaka. Nisamehe na wewe kwa niliyokuambia mbele ya mwenzako. Naondoka na mzigo leo. Nikirudi nitapita ofisini tunywe chai."

Mimi ni mtu niliyekaa na yule mtoto chini ya meza yangu. Nimekunja pindo maelfu. Nilimsikia kwa masikio yangu akiniambia nukta tatu maana yake kuna mtu hajamaliza kusema. Nikiulizwa nani katika dunia hii hakustahili kufanya kosa lile, ni mimi. Niliomba kila asubuhi moyo wa dereva ulainike. Mungu alinijibu, na jibu lake likakaa siku mbili mfukoni mwa sweta langu, hatua moja kutoka kwa mtu aliyekuwa akilingoja.

Mama aliinuka akaenda jikoni, nikasikia anaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Siku kumi zikapita. Sikuweza kukata kitambaa, mkono ulikataa. Kanisani mchungaji aliniambia Mungu anasamehe, nikamwambia najua, sikuja kuuliza hilo. Sikujua nilichokuja kuuliza.

Siku ya kumi na moja Rangi alifika dukani na mtu mrefu nyuma yake. Nilimjua kabla hajatajwa. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Amekuja ofisini," Rangi akasema. "Nimemwambia ya msiba. Mengine sikumwambia."

"Dada, pole," dereva akasema. "Sikujua. Ile tovuti sijaifungua tangu siku ile." Akakaa kwenye kibao cha wateja, mikono mikubwa juu ya magoti. Akakohoa kidogo. "Nilimwandikia ujumbe. Jumanne ile. Alisoma?"

Kulikuwa na njia mbili, na moja ilikuwa rahisi mno. Ningesema ndiyo. Ningesema alisoma, akatabasamu, akafa na amani, na mtu huyu angelala vizuri maisha yake yote. Rangi alikuwa ameinamisha kichwa, asingenisaliti. Lakini nilikuwa nimeshamwambia uongo mtu mmoja kwa ajili ya moyo wake, na nilijua ulipotufikisha.

"Hakusoma," nikasema. "Simu nilikuwa nayo mimi. Niliona mstari wa kwanza, ule wa hasira. Nikadhani umekuja kumtukana. Nikamficha. Aliniuliza kama umeandika, nikamwambia bado. Mara mbili."

Nilingoja aondoke na kubamiza mlango. Nilingoja aseme ya ofisini. Cherehani ya jirani ilikuwa inalia nyuma ya ukuta.

"Mstari wa kwanza," akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Ukazima simu."

"Nikazima."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nilizima nibaki na chaji," akasema. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Tulimpeleka nyumbani kwa mama. Dereva akamwamkia kwa heshima, akakaa alipoonyeshwa. Mama alikuwa ameshasikia yote. Alimtazama sana yule mtu, kama anampima nguo.

"Huo ujumbe bado unao?"

"Ninao, mama."

"Basi twende ukamsomee mwenyewe. Wote."

Tukaenda wanne. Ilikuwa saa kumi, jua limepungua. Kaburi bado lilikuwa kichuguu cha udongo, na maua yaliyokauka tuliyaondoa juu yake tukayashika mikononi tusijue pa kuyaweka. Dereva akatoa simu, akasimama upande wa kichwa kama mtu aliyeitwa mlangoni. Akasoma kwa sauti ya kawaida. Hakuruka ile sehemu ya hasira. Alipofika kwenye kusamehe alisimama, akaendelea. Mimi nilikuwa nimefumba macho, nasema ndani yangu, Bwana, kama huko wanasikia, asikie.

Akafika mwisho, kwenye ile chai. Akarudisha simu mfukoni.

"Hiyo ya chai niliandika tu," akasema, akifuta uso kwa kiganja. "Mimi chai hata sinywi."

"Naye alikuwa hanywi," mama akasema. "Mngekaa tu."